Maji Yaliyoagizwa kwa Jina la Elio

Kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu ilikuwa kuzungusha magurudumu ya malango ya maji, kutoka mji wa Griffith, huku Australia, hadi ng'ambo ya Coleambally. Shirika la mifereji lilipoweka malango yanayojifungua yenyewe kwa amri ya redio, sisi wa magurudumu tulipewa keki, saa ya ukutani na barua. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa. Ndipo Manreet Dhaliwal, binti wa mkulima wa machungwa niliyemjua tangu akivaa sare ya shule, akanifuata nyumbani na kusema, "Nev, wewe unawajua wakulima, mimi naijua kompyuta. Tufungue kitu pamoja."

Kitu chenyewe kilikuwa hivi. Mkulima akitaka maji, lazima aingie kwenye tovuti ya shirika kwa neno lake la siri, ajibu maswali, achague lango na saa. Tovuti ilikuwa nzito, na wengi wao walikuwa watu wa vidole vinene na subira fupi. Sisi tuliwafanyia. Mkulima anatuma ujumbe mfupi tu, na programu ya Manreet, iliyokuwa kwenye seva huko Sydney, inafungua kivinjari kisicho na skrini. Hakuna anayekitazama, lakini kinafungua kurasa, kinaandika, kinabonyeza, kama mtu halisi. Oda inaingia. Tulikuwa na wakulima arobaini na watatu.

Nieleze na jambo moja zaidi, maana bila hilo hutaelewa yaliyotokea. Ukishaingia kwenye tovuti, inakipa kivinjari chako vidakuzi, vipande vidogo vya maandishi ambavyo kivinjari huvionyesha kila kinapofungua ukurasa mwingine. Ni kama muhuri wanaokugonga mkononi mlangoni mwa klabu: ukiwa nao, hakuna anayekuuliza jina tena. Kwa hiyo Manreet alikuwa akimfungulia kila mkulima kivinjari chake peke yake, na kukifunga baada ya kumaliza, ili muhuri wa mmoja usibaki kwa mwingine.

Lakini ulipofika msimu wa kumwagilia mpunga, seva ikalemewa. Oda zikachelewa saa nzima. Simu zikaanza, na simu zote zilikuwa zikija kwangu.

"Naweza kuwapitisha wote kwenye kivinjari kimoja," Manreet aliniambia Jumanne ile asubuhi, akiwa bado amesimama na kofia ya pikipiki mkononi. "Mmoja akitoka, mwingine anaingia. Itakuwa haraka mara tatu. Ila sijaijaribu vizuri."

"Utaijaribu lini, wakishatukimbia wote? Weka."

Akaweka. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba neno "weka" lilitoka kinywani mwangu.

Saa nne na nusu kasoro dakika tatu, simu ikalia. Alikuwa Tess Oldroyd, mwanamke wa mpunga mwingi na maneno mengi, analima kusini kwa mji.

"Nev, mpunga wangu unanitazama kama mbwa aliyenyimwa chakula. Maji yangu yako wapi?"

"Uliagiza?"

"Niliagiza ya saa tano. Megalita ishirini. Nimeingia mwenyewe kwenye tovuti kuangalia, hakuna oda. Au siku hizi mnajifanya tu kuwa mnafanya kazi?"

Nikamwambia asubiri. Manreet alikuwa ameshasikia, na vidole vyake vilikuwa vinakimbia. "Imeingia," akasema. "Saa nne na dakika kumi na nne, imekubaliwa." Akafungua nakala ya risiti ambayo programu huihifadhi. Nilikuwa namtazama usoni, nikaona midomo yake inapoteza rangi.

"Nev. Lango namba mia tatu na sita ni la nani?"

Malango yale niliyazungusha kwa mikono yangu. Sikuhitaji kuangalia popote. "La Elio Marcuzzi."

Elio aliingizwa kabla ya Tess. Alikuwa ameuliza tu mita yake inasomaje. Programu ikamsomea, ikabonyeza pa kutokea, lakini tovuti ilikuwa nzito na ukurasa wa kutoka haukufunguka. Zamu ya Tess ikafika. Kivinjari kikaenda mlangoni kikiwa bado na vidakuzi vya Elio, tovuti ikasema karibu Elio, na programu, ambayo haikufundishwa kusoma jina, ikaagiza maji ya Tess kwenye lango la Elio.

"Basi futa," nikasema. "Shamba lake litalowa kidogo, atatutukana, yataisha."

"Mpigie kwanza."

Nikapiga simu ya Elio. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga ya nyumbani, mke wake Ornella akapokea. Nilimsalimia, nikauliza mzee yuko wapi.

"Yuko kwenye bomba," Ornella akasema. "Lile la chini ya njia, upande wa chini. Limeziba matete na tope. Ameingia na koleo fupi tangu saa nne. Simu kaiacha kwenye pikapu, si unamjua."

Bomba lile nalijua. Lina upana wa sentimita themanini na urefu wa mita kumi na nne. Mtu huingia kwa tumbo, anachimba kichwa kikiwa mbele, na anarudi kwa kusukuma miguu nyuma. Kama limezibwa upande wa pili, maji yanayotoka langoni yatamjia kwa nyuma, na mbele hakuna pa kwenda.

Nilijaribu kulisema jambo hilo taratibu. "Ornella, sikiliza. Kuna kosa. Maji yatafunguliwa saa tano. Elio lazima atoke kabla ya hapo."

"Maji gani? Hatujaagiza maji."

"Oda ipo. Yatafunguliwa hivyo hivyo."

Kutoka nyumbani kwao hadi bombani ni kilomita nne, na pikapu ilikuwa huko kwa Elio. Ornella alikuwa na miaka sabini na moja na nyonga ya bandia aliyowekewa mwezi wa nne.

"Ile pikipiki ya magurudumu manne iko bandani," akasema. "Sijawahi kuiwasha."

"Ufunguo uko juu yake? Uzungushe, halafu bonyeza kitufe cha kijani karibu na mkono wa kushoto."

"Daktari alinikataza hata kupanda ngazi."

"Mama," Manreet akasema kwa sauti kubwa kupitia spika, "nakuomba. Nenda."

Simu ikakatika.

Nikapiga namba ya dharura. Gari la zimamoto la Coleambally likaondoka, lakini wakanieleza wazi kwamba halitafika kabla ya saa tano na dakika kumi. Sisi tulikuwa Griffith, zaidi ya kilomita sitini. Nikapiga shirika la mifereji. Ilikuwa siku yenye kazi kuliko zote za mwaka, na sauti ya mashine ikaniambia niko wa kumi na moja kwenye foleni. Nikaiweka simu mezani ikiimba muziki wake, nikasogea nyuma ya kiti cha Manreet.

Saa ilikuwa nne na dakika thelathini na nne.

"Kwa nini usiingie tu kwa neno lake la siri ukafuta?" nikauliza.

"Kila kuingia kunahitaji namba ya kuthibitisha, ile ambayo wakulima hututumia. Inatumwa kwenye simu yake."

Simu iliyokuwa kwenye pikapu.

"Kilichobaki ni kile kivinjari kule Sydney," akasema. "Kikao cha Elio bado kiko hai ndani yake. Tovuti inakuacha nusu saa bila kugusa kitu, kisha inakutoa. Kimeguswa mara ya mwisho saa nne na kumi na nne. Baada ya oda ya Tess programu imekwama tena pa kutokea."

"Kwa hiyo mpaka arobaini na nne."

"Mpaka arobaini na nne. Na programu ikimaliza orodha yake itakifunga yenyewe, vidakuzi vyote vipotee." Akaandika amri fupi, akabonyeza. "Nimeigandisha. Haitamgusa mkulima mwingine. Lakini nikikosea nikaiua, kivinjari kinakufa nayo."

Sikujua la kufanya na mikono yangu. Zamani ningeruka kwenye gari na kwenda kulishika gurudumu.

Manreet alijiunganisha na kivinjari kile kutoka mezani kwake, akavichota vidakuzi vya Elio na kuviweka kwenye faili. Nikaona mistari imejipanga, herufi na tarakimu zisizosomeka. Akafungua kivinjari kipya kwenye kompyuta yake, akavipakia humo, akafungua ukurasa wa oda.

Tovuti ikamwonyesha mlango. Jina, neno la siri.

"Imekataa," nikasema.

"Naona, Nev."

"Umevikosea?"

"Sijavikosea. Inatazama na kivinjari chenyewe, vidakuzi peke yake havitoshi. Imeona vimetokea mahali pengine." Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mkono mmoja. "Nikirudia inaweza kudhani ni mwizi, ikakifuta kikao kabisa. Huenda imeshakifuta."

Saa nne na dakika thelathini na tisa. Simu mezani ikasema niko wa nane.

Akasimama. Akatembea hadi dirishani, akarudi, hakuketi. Alikuwa akijisemea kwa Kipunjabi, mambo ambayo nadhani hangeyasema mbele ya mama yake. Nikataka kumwambia aharakishe, nikajiuma ulimi. Nimeona vijana wakiharakishwa mbele ya lango lililokwama, na nimeona vidole vilivyobaki.

"Sivileti huku," akasema mwishowe. "Nitaenda kulekule. Nifungue ukurasa mwingine ndani ya kivinjari kile kile, kule Sydney, kama vile ni programu yenyewe inaendelea. Sitaona kitu. Nitabonyeza kwa kuandika, halafu nikiombe kinipigie picha ya ukurasa."

"Umewahi kufanya hivyo?"

"Si wakati mtu yuko kwenye bomba."

Akakaa. Akaandika mistari sita au saba, akaisoma mara mbili, kidole kikifuata skrini. Saa nne na dakika arobaini na moja akabonyeza.

Picha ilichukua muda kufika. Ilishuka kipande kwa kipande: kichwa cha ukurasa, nembo ya shirika, kisha pembeni, kwa maandishi madogo, jina E. Marcuzzi. Kikao kilikuwa hai.

Manreet akaelekea kwenye oda, akaipata: megalita ishirini, lango mia tatu na sita, saa tano kamili. Akabonyeza pa kufuta. Tovuti ikauliza kama ana hakika. Akajibu kwamba ana hakika. Picha nyingine ikaanza kushuka.

Ombi lako limepokelewa, ukurasa ukasema. Badiliko litafika langoni ndani ya dakika ishirini.

Nikaangalia saa. Nne na dakika arobaini na mbili.

"Ishirini," Manreet akasema. "Hiyo ni saa tano na dakika mbili."

"Inaweza kufika mapema."

"Inaweza?"

Nilijua jinsi malango yale yanavyosikiliza. Yanapokea amri kwa zamu, na lango la mia tatu na sita liko mwisho kabisa wa mfereji wake.

Saa nne na dakika hamsini na moja mwanamke wa shirika akapokea simu. Nilimweleza habari ya lango, saa na mtu aliye bombani bila kupumua. Hakubishana nami. Alisema anampigia mtu wa chumba cha kuongozea malango, akaniweka pembeni, na nikasikia kwa mbali akisema, "Mtu yuko ndani, ndani ya bomba." Kisha akarudi, akasema wanajaribu, redio ya upande ule inasuasua tangu asubuhi, nisikate. Sikukata.

Saa tano ikafika. Simu ya Elio ilikuwa bado haipokelewi. Manreet alikuwa ameketi mikono katikati ya magoti. Nilifikiri juu ya maji yanavyoingia kwenye mtaro mkavu. Kwanza yanakuja na povu la kahawia na majani, polepole, unaweza hata kutembea mbele yake. Halafu yanajaa.

Saa tano na dakika tatu, mwanamke wa shirika akasema lango limefungwa. Lilikuwa limefunguka kwa dakika mbili na nusu.

Saa tano na dakika tisa, Ornella akapiga kwa simu ya Elio.

"Yuko nje," akasema, na hapo akaanza kulia, na ilichukua muda kupata mengine. Pikipiki ilimzimikia mara tatu. Alifika maji yakiwa yameshaingia bombani. Alimkuta Elio nusu ndani nusu nje, miguu ikirusha matope. Alikuwa amerudi nyuma mita tisa kwa tumbo, kisha kwa mgongo, akipinga maji, mdomo ukiwa umebanwa kwenye dari la bomba kutafuta hewa. Ornella alimshika kwenye mkanda akamvuta. Elio alikuwa amechunika mabega yote mawili, kidole kimoja kimevunjika, na buti moja limebaki ndani.

Manreet alikwenda chooni akakaa huko muda mrefu. Aliporudi uso wake ulikuwa na maji.

"Twende kwao," akasema.

Na hapa ndipo sehemu ninayoisimulia kwa shida.

"Twende, tumwone," nikasema. "Lakini tusiseme chetu. Malango haya yana hitilafu kila msimu, kila mtu anajua. Yuko hai. Oda imefutwa. Tukisema, kesho hatuna mkulima hata mmoja, na wewe jina lako limekwisha mji huu wote."

"Na shirika lilaumiwe?"

"Shirika limezoea."

Alinitazama tu. Akachukua ufunguo wa gari langu mezani, akatoka. Nikamfuata. Njia nzima, mashamba yakipita pande zote, hakuzungumza, na mimi nikauchukulia ukimya ule kuwa amekubali.

Elio alikuwa ameketi jikoni, amevikwa blanketi, mkono umefungwa bendeji, bakuli la supu mbele yake halijaguswa. Watu wa zimamoto walikuwa wameshaondoka. Alikataa kwenda hospitali. Ni mtu mkubwa, sauti yake hujaza nyumba. Siku ile alikuwa mdogo kwenye kiti.

"Nev," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Ornella alikuwa amesimama kwenye sinki ametupa mgongo.

"Niliagiza maji," Elio akasema. "Ulimwambia Ornella kuna kosa, lakini shirika wamepiga. Wamesema oda ilitoka kwenye akaunti yangu, asubuhi hii, kwa jina langu. Nami sikumbuki. Nimekaa hapa nikitafuta kichwani, sikumbuki kitu. Niliagiza maji, nikachukua koleo, nikaingia kwenye bomba." Akasukuma bakuli kidogo. "Mama yangu alianza hivi. Aliwasha jiko akaenda kulala."

"Nimempigia daktari," Ornella akasema bila kugeuka. "Alhamisi. Na funguo za trekta ninazo mimi."

Nilikuwa natazama sakafu. Vigae vya kijani na vyeupe. Nilijua nikifungua mdomo wakati ule ningeweza kumwondolea, na sikuufungua.

"Mzee Elio," Manreet akasema. Alikuwa bado amesimama mlangoni. "Hukuagiza wewe. Niliagiza mimi."

Akamweleza. Hakutumia maneno makubwa. Alisema programu yake ilimwacha Elio ndani ya tovuti bila kumtoa, na oda ya mtu mwingine ikapita kwa jina lake, kwa sababu yeye Manreet alibadilisha kitu asubuhi bila kukijaribu. Hakusema nani alimwambia aweke.

Elio alisikiliza mpaka mwisho. "Rudia," akasema. Akarudia.

"Kwa hiyo kichwa changu."

"Kichwa chako hakina kosa lolote katika hili."

Elio alifunika uso kwa ule mkono mzima. Mabega yake yakatetemeka chini ya blanketi, na Ornella akaja akasimama nyuma yake, akamwekea kiganja kichwani. Kisha Elio akaondoa mkono usoni, na macho yalikuwa mekundu, na hasira ikawa imefika.

"Ungeniua, binti."

"Ndiyo."

"Kwa haraka ya nini?"

"Nilisema mimi," nikasema. "Alitaka kuijaribu kwanza, nikamwambia aweke. Na kabla ya kuja huku nilimwambia tunyamaze."

Ornella akanigeukia. Ananijua tangu nikiwa na nywele. "Ungemwacha aende kwa daktari Alhamisi," akasema. Hakuwa anauliza.

"Tokeni nyumbani kwangu," Elio akasema. "Wewe, binti, asante umesema. Lakini tokeni."

Jioni hiyo Manreet aliwaandikia wakulima wote arobaini na watatu, akieleza kilichotokea na kwa nini. Kumi na tisa walituacha kabla ya Ijumaa, Elio wa kwanza. Tess alibaki, alisema afadhali mjinga anayekiri kuliko mjanja, kisha akauliza kama maji yake ya kesho yatakwenda kwake au kwa jirani. Huduma tuliifunga siku kumi. Manreet alirudisha kila mkulima kwenye kivinjari chake peke yake, na akaifundisha programu isome jina lililoandikwa kwenye ukurasa kabla ya kubonyeza chochote. Likitofautiana, isimame na impigie yeye Manreet simu. Aliijaribu kwa siku sita. Nilikaa naye siku zote hizo, nikimsomea namba za malango, na hakuna siku niliyomwambia aharakishe.

Ornella amerudi kunisalimu, kwa kichwa tu, tukikutana dukani. Nyonga yake haikupata shida; nasikia siku hizi anaendesha ile pikipiki hadi kwenye sanduku la barua. Elio bado hanisalimu. Mwezi uliopita nilimwona ng'ambo ya barabara akipakia mifuko ya mbegu kwenye pikapu, kidole kile kimepona kimepinda. Nilivuka, nikashika upande mmoja wa mfuko. Hakusema kitu, ila hakuuvuta. Tukapakia kumi na minne, akapanda garini, akaondoka.